Gari la spoti la mkononi: macho yako, ripoti ya muuzaji, au fundi unayemlipa mwenyewe?

Nilipofika kuliangalia, injini ilikuwa tayari inanguruma. Lilikuwa Mazda RX-8 jekundu, safi hadi kwenye nati za magurudumu. Mwenye gari akasema ameliwasha mapema ili nisipoteze muda. Tukazunguka nalo, tukarudi, tukasimama pembeni tukivutana bei, na muda wote huo ufunguo haukuguswa. Nikauchukulia kuwa ni ukarimu. Siku ya tatu baada ya kununua nilizima gari kujaza mafuta, nikageuza ufunguo. Stata ikazungusha, ikazungusha, hadi betri ikalegea. Injini ikiwa baridi linawaka, ikiwa moto haliwaki. Anayezijua RX-8 hahitaji kusikia zaidi ya hapo: kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, imeshuka, na injini inadai kufunguliwa.

Kinachouma ni kwamba nilikuwa nimelipa fundi. Fundi mwaminifu, wa kwangu mimi, asiyemjua muuzaji hata kwa jina. Alipima kompresheni kwa geji yake ya siku zote, akapata namba nzuri, akanipa mkono wa pongezi.

Ndiyo maana swali la "nikaguze au nisikaguze" naona limeulizwa nusu. Mnunuzi wa gari la spoti lililotumika ana njia nne mbele yake: aliangalie mwenyewe, aamini ripoti ya muuzaji, amlipe fundi wa kawaida, au amlipe fundi ambaye modeli ile ndiyo kazi yake ya kila siku. Hizi mbili za mwisho zote huitwa ukaguzi huru, ila zimepishana sana.

Macho yako mwenyewe

Njia hii ni ya bure, na hakuna sababu ya kuiruka hata kama umeshapanga kumlipa mtu. Kazi yake ni kuyatupa magari mabovu kabla hujayatolea pesa ya ukaguzi.

Mwambie muuzaji asiwashe gari mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama kuna vuguvugu, uliza kwa nini. Injini baridi haifichi mengi: moshi wa bluu wa sekunde chache, mlio wa cheni, mgongano unaopotea oili ikishapanda. Ukishaliendesha, lizime, kaa dakika kumi, kisha liwashe tena. Dakika kumi hizo ndizo zilizonigharimu injini nzima.

Kisha piga magoti usome ubavu wa kila tairi. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT zinataja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la spoti lenye matairi manne ya kampuni tatu limeshakueleza tabia ya mwenyewe. Aliyebania tairi hakuachia kwenye oili.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha kompyuta, na wanunuzi wengi hukitumia vibaya. Magari yaliyouzwa Marekani tangu 1996, na ya petroli yaliyouzwa Ulaya tangu 2001, yana soketi ya OBD, ya kusomea kompyuta ya gari, chini ya dashibodi. Kifaa kidogo cha kuchomeka pamoja na simu vinatosha. Wengi huangalia kodi za hitilafu, yaani namba ambazo kompyuta huandika ikigundua kasoro, wakikuta hakuna hufurahi. Wewe fungua orodha ya vipimo ambavyo kompyuta hujifanyia yenyewe gari likiwa linatembea. Mtu akifuta kodi usiku wa kuamkia mauzo, taa ya injini itazimika, lakini vipimo hivyo vitarudi kusomeka kuwa havijakamilika, na baadhi huchukua siku kadhaa za kuendesha kabla ya kukamilika tena. Ukikuta dashibodi haina taa hata moja na vipimo vingi bado havijakamilika, ujue kuna mtu amepita hapo kabla yako.

Udhaifu wa njia hii ni wewe. Ukipenda, chongo utaita kengeza, na gari la spoti hakuna anayelinunua kwa hesabu za kilo za mzigo. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana hukupa ufunguo mapema. Tena macho hayafiki uvunguni, wala ndani ya silinda.

Ripoti ya muuzaji

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sisemi kila ripoti ya muuzaji ni ya uongo. Nyingi ni za kweli kabisa, tatizo ni kwamba zinajibu maswali mepesi. Vipengele mia na zaidi, kila kimoja na alama ya vema: taa zinawaka, mikanda inafunga, honi inalia. Orodha ileile hutumika kwa gari la kubebea watoto shule na kwa gari lenye injini katikati, kwa hiyo haigusi ugonjwa mahususi wa gari unalolitaka.

Dhamana nayo isikulaze usingizi. Hulipia kitakachoharibika baadaye, na mara nyingi klachi, breki na matairi huwa nje ya mkataba. Gari lililowahi kupinda chesesi likanyooshwa halitapata msaada wowote humo. Na kama kompyuta imehifadhi kwamba injini ilizungushwa kupita kikomo, mtoa dhamana ana sababu ya kukukatalia.

Vipi kuhusu fundi aliyekuwa akilihudumia gari hilo miaka yote? Wauzaji hupenda kumpendekeza: "Mpeleke kwa fulani, analijua." Ni kweli analijua, lakini ukimpa akague atakuwa anakagua kazi ya mikono yake. Mimi humpigia simu kwa ajili ya historia tu: lini aliliona mara ya mwisho, nini alipendekeza kifanyike na mwenyewe akakataa. Swali hilo la pili limewahi kunipa majibu ambayo hakuna ripoti ingenipa.

Ila karatasi zenyewe nazithamini, pengine kuliko wengi. Muhuri kwenye kitabu cha huduma hausemi kilichofanyika, risiti yenye majina ya vipuri husema. Chukua Ferrari F355: kubadilisha mikanda ya taimingi kunahitaji injini ishushwe chini. Kazi ya namna hiyo haifanyiki bila kuacha karatasi nene. Isipokuwepo, ihesabu kuwa haikufanyika.

Fundi wako na bingwa wa modeli

Turudi kwenye RX-8 yangu, maana hapo ndipo pana somo. Injini yake haina pistoni. Ina rota mbili zenye umbo la pembetatu, na kila rota ina nyuso tatu zinazobana hewa kwa zamu. Geji ya kawaida ina valvu inayoishikilia namba kubwa kuliko zote iliyopita. Uso mmoja ukiwa mzima na nyuso mbili zimechoka, geji itaonyesha ule mzima tu na kunyamaza. Anayezifanyia kazi injini hizi ana kifaa kinachosoma kila uso peke yake, kikatoa namba sita, halafu huzisahihisha kulingana na kasi ya stata. Kiwango cha chini cha kiwanda ni kilopaskali 680 stata ikizungusha injini mara 250 kwa dakika. Fundi wangu hakunidanganya. Alipima kwa uaminifu kitu ambacho kifaa chake hakikuweza kukiona.

Tofauti hiyo inajirudia kwenye magari mengi ya aina hii. Nimewahi kusimama nyuma ya bingwa akikagua Porsche 911 ya kizazi cha 997, zile za mwanzo za 2005 hadi 2008. Nilidhani ataanza na boneti. Alienda moja kwa moja kwenye midomo ya ekzosi, akapitisha kidole kushoto, akapitisha kulia, akalinganisha masizi. Upande mmoja ukiwa mweusi na wenye mafuta kuliko wa pili, huwa anashuku kuta za silinda zimekwaruzika, na mara nyingi ni upande wa silinda 4, 5 na 6. Dakika ya kwanza hiyo, bila spana. Baadaye alitia kamera ya mrija, tena akanieleza kuwa kuipitisha kwenye tundu la plagi peke yake haitoshi, kwa sababu mikwaruzo hiyo huanzia chini ya silinda, na picha nzuri hupatikana ukipitia chini sahani ya oili ikiwa imefunguliwa.

Kisha akachomeka kompyuta, na hapa ndipo nilipoelewa ninachomlipia. Kompyuta ya injini ya gari hilo huhifadhi mara ambazo mizunguko ilipita kikomo, ikizigawa kwa viwango. Viwango vya chini si habari, ni dereva aliyekanyaga mafuta mpaka kompyuta ikamzuia. Vya juu ni jambo jingine. Dereva anatoka gia ya tano akitaka ya nne, mkono unateleza, anaingiza ya pili. Kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, kompyuta haina la kuzuia. Valvu na konrodi hupata kipigo kisichoonekana kwa nje. Bingwa hakuishia kuangalia kama tukio lipo. Alisoma lilitokea injini ikiwa na saa ngapi za kufanya kazi. La saa ya 300 kwenye injini yenye saa 1,500 limeshajaribiwa na muda. La wiki iliyopita lingetufanya tufunge boneti na kuondoka.

Saa hizohizo zilimpa hesabu nyingine aliyoifanya kwenye kiganja. Kilometa 60,000 kugawa kwa saa 1,500 ni wastani wa kilometa 40 kwa saa, jambo la kawaida. Kama odometa ingesema 60,000 na saa zikasema 3,000, wastani ungekuwa 20. Ama gari limeishi maisha yake yote kwenye foleni, ama kuna kilometa zimerudishwa nyuma.

BMW M3 ya kizazi cha E46 ni mfano mwingine, na ule hauhitaji kompyuta kabisa. Udhaifu wake uko kwenye sakafu ya nyuma, pale fremu ya ekseli inapofungwa kwenye bodi: bati huchoka, likaanza kupasuka kuzunguka boliti. Bingwa hunyanyua gari, hufunua na kapeti la buti, kisha hutafuta nyufa kwa tochi ya ubavuni. Rangi mpya nyeusi ya uvungu iliyopakwa eneo hilo tu haimpendezi. Fundi wa kawaida akiiona atasema gari limetunzwa.

Hata kipimo cha unene wa rangi, ambacho kila mkaguzi anacho siku hizi, kinadai kulijua gari. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya maikroni 80 na 150 hivi. Ukisoma 300, paneli imerudiwa rangi. Ukisoma maelfu, chini kuna puti. Lakini kipimo cha sumaku hakifanyi kazi kwenye bodi ya aluminiamu kama ya Honda NSX, na kwenye bodi ya plastiki au nyuzi za kioo kama ya Corvette utahitaji kifaa cha aina nyingine kabisa. Mkaguzi anayeizungukia Corvette na kipimo cha sumaku anajichosha bure, na wewe unamlipa.

Kwa hiyo fundi wa kawaida hafai? Anafaa, tena sana, kwenye magari yasiyo na siri. Mazda MX-5 ina injini ya silinda nne ambayo fundi yeyote ataielewa, na adui wake mkubwa ni kutu kwenye vizingiti vya milango na matao ya magurudumu ya nyuma. Hapo unahitaji mtu mwaminifu, jeki na tochi. Bingwa angekuja na jibu lilelile kwa gharama kubwa zaidi. Tatizo huanza pale unapompa fundi huyohuyo gari lenye giaboksi ya klachi mbili au breki za kaboni na seramiki. Diski za breki hizo haziishi kwa kupungua unene tu, huungua zikapungua uzito. Uzito wa chini umeandikwa kwenye diski yenyewe, na namna ya kuuthibitisha ni kuifungua na kuiweka kwenye mizani. Asiyejua atapima unene, atasema zina maisha marefu.

Gari la bei nafuu ndilo linalodai ukaguzi zaidi

Wengi hufikiri kinyume: gari ghali likaguzwe, la bei nafuu tubahatishe. Mimi naona bei ya gari la spoti hushuka mwaka hadi mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki nayo. Gari lililouzwa jipya kwa bei ya nyumba, leo linauzwa kwa bei ya gari dogo la familia, bado litakudai diski, shokomzoba na klachi za bei ya nyumba. Ukaguzi wa bingwa huonekana mkubwa ukiulinganisha na bei ya gari. Ulinganishe na injini moja, utaona ni kitu kidogo.

Hata hivyo kuna mahali nisingelipa. Nikinunua gari ili nilivue viti na kulifanya la mbio, huku injini nimeshaamua kuifungua, nitaangalia chesesi mwenyewe na kutosheka. Gari lililobaki na dhamana ya kiwanda ningelipia ukaguzi wa bodi peke yake. Na gari ambalo nimelikuta limepashwa moto baada ya kuomba liwe baridi, silipii kitu, narudi nyumbani.

Kinachobaki gizani

Bingwa naye ana mwisho wake. Injini za Porsche kuanzia Boxster ya kwanza hadi 911 za kawaida za 2008 zina beringi ya shafti ya kati ambayo ikivunjika huiua injini. Hakuna anayeweza kuisikiliza akakuambia imebaki na miezi mingapi. Anachoweza ni kupasua filta ya oili na kutafuta chembe za chuma, au kukueleza kuwa 911 Turbo na GT3 za kipindi hicho hazina shida hiyo, kwa kuwa zina injini nyingine. Beringi za konrodi za M3 ya V8 nazo hazionekani bila kushusha sahani ya oili. Sampuli ya oili ikipelekwa maabara husaidia, ila kama muuzaji amebadilisha oili juzi, umepima oili ya dukani. Kwenye mambo haya risiti ya kazi iliyokwisha kufanyika inamshinda mkaguzi yeyote.

Jihadhari pia na ripoti ndefu. Mkaguzi anayeogopa lawama huandika kila kitu, na anayetarajia kukufanyia matengenezo huandika zaidi. Matairi, pedi, bushi na betri ni matumizi, yapeleke kwenye bei. Mstari unaotaja chesesi, silinda, giaboksi au maji ndani ya oili ndio wa kusoma mara mbili. Mimi humwomba mkaguzi asinitajie bei kabisa, anipe picha na namba, kisha anijibu jambo moja: kipi kitaanza kunidai pesa ndani ya mwaka huu.

Muuzaji akikataa

Kukataa kuna aina mbili. Yupo anayesema "chukua ulivyoliona au uache". Huyo anataka ununue mbuzi kwenye gunia, muache. Yupo mwingine mwenye hofu ya haki: hataki mtu asiyemjua ang'oe plagi akakata uzi wa kichwa cha injini, au alipeleke gari mbio kwa bima ya mwenyewe. Kwa huyu, kaeni mkubaliane kabla: kazi ifanyike kwenye gereji yenye jina, mwenye gari awepo, vitakavyofunguliwa viorodheshwe, na kikivunjika kitu ulipe wewe. Arbuni usitoe kabla ya ukaguzi. Ukilazimika, iandikwe kwamba inarudi ripoti ikiwa mbaya, na "mbaya" maana yake nini.

RX-8 ya pili niliipeleka kwa mtu wa rota. Namba tano kati ya sita zilikuwa juu ya kiwango, ya sita ilikuwa 540. Nikamshukuru mwenye gari, nikaondoka. Ya tatu ilipita zote sita, nikapiga picha kila kitu pamoja na ubavu wa matairi, tukapanga siku ya kukabidhiana. Siku hiyo nikainama tena. Kwenye picha tairi la nyuma kushoto lilisomeka 1122. Lililokuwa mbele yangu lilisomeka 0814. Muuzaji akasema gereji lazima walichanganya. Nikamwambia hakuna shida, nitasubiri. Saa mbili baadaye matairi yalirudi, tukayafunga, ndipo nikatoa pesa.